TikTok ikifungiwa, taarifa zako zinabaki wapi?

Tarehe 29 Juni 2020 serikali ya India ilitangaza kuzifungia programu 59 za makampuni ya China, TikTok ikiwemo. Wiki mbili kabla, wanajeshi 20 wa India walikuwa wameuawa Galwan, mpakani na China, na hasira zilikuwa bado mbichi. Kesho yake TikTok haikuonekana tena Play Store wala App Store, na waliokuwa nayo kwenye simu ikawagomea. Watumiaji walikuwa kama milioni 200. Video zao, wafuasi wao, wateja waliowapata kupitia humo, vyote vikakatika kwa siku moja. Taarifa ambazo kampuni ilikwisha kuzikusanya juu yao hazikufutika kwa tangazo lile. Amri ya kufungia huizuia programu kufanya kazi. Kufuta taarifa ni amri nyingine, na mara nyingi haitolewi.

Marekani walipitia bungeni. Sheria ilisainiwa 24 Aprili 2024, ikaipa ByteDance ya Beijing, kampuni mama ya TikTok, hadi 19 Januari 2025 iuze TikTok ya huko la sivyo ifungiwe. Mtumiaji mwenyewe hapewi adhabu yoyote. Wanaobanwa ni wenye maduka ya programu na wenye kuhifadhi huduma kwenye seva zao: faini hadi dola 5,000 kwa kila mtumiaji waliyemwezesha. Zidisha hizo kwa watumiaji milioni 170 utaelewa kwa nini Apple na Google hawakuirudisha madukani hadi 13 Februari, ingawa Rais Trump alikwisha saini kuahirisha utekelezaji tangu 20 Januari. Kwa wiki zile, aliyebadilisha simu hakuwa na pa kuipakua, na aliyekuwa nayo hakupata masasisho. Programu ikikosa masasisho, matundu yake ya usalama hayazibwi. Yaani sheria iliyotungwa kwa jina la usalama ilimwacha mtu na programu ile ile, ila dhaifu zaidi.

Wengi walikimbilia VPN wakashangaa haisaidii. VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mahali pengine, hubadilisha anwani ya intaneti inayoonekana. TikTok huangalia pia laini ya simu na nchi ambako akaunti ilifunguliwa, na usiku wa 18 Januari 2025, mkesha wa siku ya mwisho, ni kampuni yenyewe iliyozima huduma kwa muda kwa watu wa Marekani. Na VPN ya bure haiondoi macho, inayahamisha: mwenye VPN sasa ndiye anayeona unakwenda wapi.

Kuna kifungu kimoja katika sheria ile ninachokipenda kwa dhati. Kinaitaka kampuni, kabla ya kufungiwa, impe mtumiaji akiomba taarifa zake zote, pamoja na video na picha, katika mfumo ambao programu nyingine inaweza kuusoma. Ikikataa, faini ni hadi dola 500 kwa kila mtumiaji aliyeathirika. Ndiyo maana hata huduma ilipozimwa, ujumbe wa TikTok uliwaambia watu bado wanaweza kuingia na kupakua data yao. India hawakupata mlango huo. Nchi yoyote inayofikiria kufungia programu ianze na kifungu hiki.

Usisubiri tangazo. Fungua wasifu wako, gusa mistari mitatu juu kulia, ingia Mipangilio na faragha, halafu Akaunti, halafu Pakua data yako. Chagua TXT kama unataka kusoma mwenyewe, JSON kama itasomwa na programu nyingine. Faili huchukua hata siku kadhaa kuandaliwa, na likiwa tayari hukaa siku chache tu, kwa hiyo rudi kulichungulia. Usilitegemee hilo peke yake kwa video: tunza zile za asili kabla ya kuzipandisha. Ukishapakua ndipo ufute akaunti, ukitaka. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti. Kufuta kwenyewe huchukua siku 30, na ukiingia tena ndani ya siku hizo akaunti inafufuka.

Sasa majina ya simu, ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo zima. Ukiruhusu programu isome orodha yako ya namba, unatoa za kwako na za wengine. Bibi yako Muheza mwenye kitochi hajawahi kuiona TikTok, lakini namba yake imo, na jina ulilomwandikia pia. Watu huandika “Dokta Moyo”, “Mzee Mikopo”, “Baba Asha Mpya”. Hizo ni siri za afya, za fedha na za ndoa, na wenyewe hawakuulizwa. Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipoiunga mkono sheria tarehe 17 Januari 2025, iliitaja hatari hiyo ya orodha za majina. Ingia Faragha, tafuta usawazishaji wa anwani za simu, uzime, kisha bonyeza pia sehemu ya kuondoa zilizosawazishwa zamani. Wengi huzima wakasahau hiyo ya pili, na orodha ya zamani inabaki kwenye seva.

Hofu kuhusu ByteDance ina msingi. Desemba 2022 kampuni ilikiri kuwa wafanyakazi wake walichungulia taarifa za waandishi wa habari wakitafuta nani anavujisha siri. Mei 2025 Ireland iliitoza TikTok yuro milioni 530 kwa kupeleka China taarifa za watumiaji wa Ulaya, baada ya kampuni kusema kwa muda mrefu kuwa hazihifadhiwi huko, kisha kukiri kuwa nyingine zilihifadhiwa. Lakini Marekani mpaka leo haina sheria moja ya taifa ya kulinda taarifa binafsi kwa ujumla, na madalali wa data wanaendelea kununua na kuuza mienendo ya watu. Januari 2026 TikTok ya huko iliingia mikononi mwa ubia mpya ambamo ByteDance ilibaki na asilimia 19.9. Kikomo cha sheria ni 20.

Kwetu zipo sheria: Kenya tangu 2019, Tanzania ile ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Zinakupa haki ya kuuliza kampuni ina nini juu yako na kudai irekebishwe au ifutwe. Andika kwa barua pepe, si kwa simu. Taja jina la akaunti, namba uliyojisajilia na unachotaka kifutwe, uweke tarehe, utunze nakala. Wasipojibu, nakala hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwa Kamishna wa Data Nairobi au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania.