Shule za chata: kabla hujamwandikisha mtoto, uliza nani kashika hela

Kila ukifika msimu wa kuandikisha watoto shule, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ya Waswahili tulioko Marekani swali ni lile lile: jamani, hizi shule za chata (charter schools) ni za serikali au za private, na ni kweli ni nzuri kuliko shule ya wilaya? Majibu yanakuja kwa hasira, mmoja anasema shule hiyo ndo imemuokoa mwanae, mwingine anasema ni wizi mtupu, na mimi nawaamini wote wawili, kwa sababu hizi shule hazifanani hata kidogo. Nimeona niandike kwa kirefu maana haya mambo hayaenei kwenye voisi noti.

Kwanza, ni shule za umma. Hulipi ada, hela inatoka serikalini kwa hesabu ya wanafunzi waliopo, na waombaji wakizidi nafasi inachezeshwa bahati nasibu. Ila haiendeshwi na wilaya. Kikundi cha watu kinaomba mkataba, mara nyingi wa miaka mitano hivi, wanaachiwa uhuru kuhusu walimu, ratiba na namna ya kufundisha, na wao wanaahidi matokeo, wakishindwa mkataba hauongezwi na shule inafungwa. Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992, na leo kuna watoto zaidi ya milioni 3.5 kwenye shule hizi.

Zinafundisha vizuri? Watu wa CREDO, kituo cha utafiti wa elimu pale Chuo Kikuu cha Stanford, wamelifuatilia hilo kwa muda mrefu. Mwaka 2009 walikuta kwenye hesabu ni asilimia 17 tu ya chata zilizofanya vizuri kuliko shule za kawaida zilizolinganishwa nazo, na asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi. Ripoti yao ya 2023 ikaja tofauti kabisa, kwa wastani mtoto wa chata alipata maendeleo sawa na siku 16 za ziada za masomo kwenye kusoma na siku 6 kwenye hesabu. Ni kidogo lakini ipo. Sasa ukiufungua huo wastani ndo unaona mambo, shule za chata za onlaini tupu ziko chini vibaya sana, kama siku 124 nyuma kwenye hesabu, na siku 58 kwenye kusoma. Mwaka wa shule wa huku ni siku kama 180, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe mtoto anapoteza nini akikaa huko miaka miwili.

Upande mwingine kuna Boston, jimbo la Massachusetts. Kule watafiti walitumia ile bahati nasibu yenyewe, wakalinganisha watoto waliopata nafasi na watoto walioomba wakakosa, kwa hiyo huwezi kusema ah hao ni watoto wa wazazi wanaofuatilia tu, maana wote wazazi wao waliomba. Waliopata walipanda sana kwenye mitihani, hasa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Na bado mwaka 2016 wapiga kura wa Massachusetts walikataa kuongeza idadi ya chata, asilimia kama 62 walisema hapana, kwa sababu walihofia hela itakayoondoka kwenye shule za wilaya mtoto anapohama, wakati jengo ni lile lile na basi ni lile lile na mwalimu bado analipwa. Hoja hiyo naielewa vizuri, sio ya watu wanaochukia watoto.

Lakini kinachoniuma mimi ni usimamizi, na kwetu hakiongelewi kabisa. Tunauliza uniform, tunauliza basi, tunauliza kama kuna chakula cha mchana, hatuulizi nani kashika hela. Pale juu kuna chombo kinachotoa mkataba, inaweza kuwa wilaya, chuo kikuu, bodi ya jimbo, au taasisi tu isiyo ya kibiashara. Chini yake kuna bodi ya shule ambayo kwa kawaida haipigiwi kura na mtu. Halafu mara nyingi bodi inaajiri kampuni iendeshe shule kila siku, na kampuni nyingine ni za kutafuta faida, Michigan ndo zimejaa. Na kuna majimbo kama Michigan na Ohio ambako aliyetoa mkataba anaruhusiwa kukata mpaka asilimia 3 ya hela ya shule kama malipo ya kusimamia. Sasa fikiria, anayetakiwa kuifunga shule mbovu ndiye anayekosa hela ikifungwa. Mimi hapo ndo sipapendi kabisa, na sioni kwa nini majimbo yanaendelea kupaacha hivyo.

Kilichotokea Ohio kila mzazi angekijua. Kulikuwa na shule ya onlaini inaitwa ECOT, ilianza mwaka 2000 ikakua mpaka ikawa kubwa kuliko wilaya nyingi za jimbo, na aliyeianzisha alikuwa na kampuni zake ambazo shule hiyo hiyo ilizilipa kwa uendeshaji na kwa programu za kompyuta. Jimbo lilipokuja kukagua mwaka wa masomo wa 2015-16, shule ilikuwa imedai hela za wanafunzi zaidi ya 15,000, ushahidi wa masomo ukapatikana kwa kama 6,300 tu. Wakaambiwa warudishe dola milioni 60. Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka, watoto kama 12,000 wakabaki wanatafuta shule wakati wenzao wako darasani. Na hiyo shule ilikuwa na bodi muda wote, ilikuwa na msimamizi muda wote, yaani karatasi zote zilikuwepo.

Mimi mwenyewe nimewahi kuhudhuria kikao cha bodi ya shule moja ya chata, sitaitaja. Kilifanyika maktaba ya shule jioni, viti vya watoto, wazazi tulikuwa wachache sana. Uniform ilijadiliwa kwa urefu, ikafika ajenda ya pango la jengo, mwenyekiti akasoma namba, mikono ikanyooshwa, imepita. Mama mmoja nyuma akauliza mwenye jengo ni nani. Kimya, halafu mwanasheria akasema ni kampuni yenye uhusiano na kampuni inayoendesha shule. Yaani kampuni inayoshauri bodi ikubali pango ina ndugu yake anayepokea pango! Sheria ya hapo ilikuwa hairuhusu wala haikatazi, wakaendelea na ajenda inayofuata. Hela hiyo ingelipa mwalimu msaidizi wa darasa la kwanza, na darasa la kwanza lilikuwa limejaa, tuliambiwa hapo hapo.

Wanaotetea chata wanasema ukizibana sana unaua ule uhuru unaozifanya zifanye kazi. Nusu nakubali, mwalimu mkuu akiachiwa kuongeza saa za masomo na kuchagua walimu wake ni jambo zuri. Lakini uhuru wa kufundisha ni kitu kingine na uhuru wa kuficha mkataba wa pango ni kitu kingine kabisa. California mwaka 2019 walipitisha sheria kwamba bodi za chata zifanye vikao vya wazi, zitoe nyaraka mtu akiomba, na zifuate sheria za mgongano wa maslahi kama vyombo vingine vya umma, na chata hazikutoweka California. Washington, lile jimbo sio mji mkuu, mahakama ya juu ilienda mbali zaidi, mwaka 2015 ikasema shule ambayo bodi yake haikuchaguliwa na wananchi haiwezi kula fungu la shule za kawaida, wabunge wakabadilisha chanzo cha hela, na mwaka 2018 mahakama ikaziacha ziendelee.

Na New Orleans ndo somo kubwa kuliko yote. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 jimbo la Louisiana lilichukua shule nyingi za mji huo na taratibu karibu zote zikawa chata. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 walifukuzwa, wengi wao weusi, na kidonda hicho bado kibichi. Matokeo ya mitihani yalipanda kweli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wamelionyesha hilo, na waliomaliza sekondari wakaongezeka. Ila mwanzoni kila shule ilikuwa na fomu yake na sheria zake za kumfukuza mtoto, mzazi anazunguka mji mzima, na wazazi wa watoto wenye ulemavu wakaenda mahakamani mwaka 2010. Ndipo mwaka 2012 wakaweka maombi ya pamoja, na utaratibu mmoja wa kufukuza, na mwaka 2018 shule zikarudi chini ya bodi inayochaguliwa na wakazi. Angalia, chata zilibaki chata, ila ilibidi mtu mmoja awe na jukumu la watoto wote.

Kwa hiyo mtu akinipigia kuuliza fulani school vipi, mimi namuuliza: umeona ripoti ya ukaguzi wa hesabu? Ofisi ya mkaguzi au idara ya elimu ya jimbo nyingi zinaziweka mtandaoni bure. Mkataba unaisha lini? Jengo la nani? Walimu wangapi waliondoka mwaka jana? Vikao vya bodi ni lini na muhtasari uko wapi? Wakikuzungusha kwenye hilo la mwisho, kuwa makini sana.

Na usikubali mtu akuambie shule yetu haina huduma ya watoto wa namna hiyo. Chata ni ya umma, kwa hiyo sheria za shirikisho za watoto wenye ulemavu zinaihusu, na mtoto anayejifunza Kiingereza ana haki ya kusaidiwa, na wewe mzazi ambaye Kiingereza hakijakaa sawa una haki ya mkalimani bure kwenye mambo ya mtoto wako, sio mtoto wako ndo akutafsirie. Waombe kwa maandishi, weka kopi.