Kamba ya Kuanikia Ndiyo Inayozijua Nguo Zako

Watu wengi wakiamua kupunguza nguo hufungua kabati na kumwaga kila kitu kitandani. Mimi nasema usianzie hapo. Ukishazimwaga, kila nguo itakuomba huruma, na jua likizama utajikuta hoi, pa kulala huna, nusu ya zile ulizotaka kutoa umeshazirudisha. Anzia kwenye kapu la nguo chafu na kamba ya kuanikia. Nguo zinazopita pale wiki nenda wiki rudi ndizo zako. Zile nyingine ni wageni, na baadhi yao wamekaa miaka bila kuulizwa wanaondoka lini.

Nafundisha kemia. Kabla ya hapo nilikuwa ofisi ya bima, kwenye kiyoyozi, nimekaa kutwa nzima. Suti, blauzi za kuteleza, sketi nyembamba, viatu vya kisigino. Nilipohamia darasani maisha yaligeuka lakini kabati halikupata habari. Kila asubuhi nasimama mbele ya nguo tele halafu navuta suruali ileile ya kijivu na shati lilelile la pamba la mistari, na likiwa halijakauka naanza kulalamika kwamba sina nguo. Mume wangu alizoea kunitazama, akitazama na kabati, kisha anaondoka zake bila neno. Ana busara.

Basi nikaacha kabati kama lilivyo, nikawa natazama kamba. Kilichoonekana pale kilikuwa wazi mno: mashati ya pamba ya mikono iliyokunjwa, suruali mbili tatu, gauni moja la kushonwa lenye nafasi ya kupiga hatua, fulana za nyumbani, sweta la rangi ya udongo. Hakuna hata sketi moja ya bima. Nikajiuliza zile za kambani zina nini. Hilo swali, kwangu, lina faida kuliko kuuliza zile nyingine zina kasoro gani, maana ukijua sababu ya kupenda nguo moja unajua na ya kununua ijayo.

Zangu zilikuwa na sababu za kazi. Chaki, kwanza. Nguo nyeusi na vumbi la chaki haviendani kabisa. Kipindi cha kwanza hakijaisha paja lote limeshachorwa vidole. Kijivu, mistari na maua madogo vinasitiri. Kisha maabara. Asidi salfuriki (H2SO4) hafifu ikidondokea pamba huoni kitu siku hiyo. Maji yanakauka, asidi inabaki na kuzidi kuwa kali, inakula selulosi, ambayo ndiyo pamba yenyewe, taratibu, na tundu unalikuta baada ya kufua. Nailoni nayo haipatani na asidi. Poliesta inastahimili zaidi, lakini ikikutana na moto huyeyuka, kwenye nyuzijoto 250 hivi, na kikiyeyuka kitu cha namna hiyo juu ya ngozi kinaganda hapohapo. Pamba inaungua, ndiyo, ila haiyeyuki. Kwa hiyo siku za maabara navaa pamba chini ya koti jeupe. Tundu kwenye shati nitalivumilia.

Halafu jasho. Pamba ikikaa tu kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana zile blauzi za kuteleza zilinifaa sana ofisini na darasani zikanishinda. Jasho halina pa kwenda, linakaa kati yako na nguo. Na poliesta inashika mafuta ya mwili, hivyo unaifua, inakauka, inanukia sabuni, ukishaivaa na mwili ukapata joto ile harufu ya jana inarudi. Si uchafu wako. Ni uzi.

Nilipokuja kulifungua kabati sasa, nilimwita mdogo wangu aje anisaidie, kwa sharti kwamba haruhusiwi kusema "hii nzuri." Nguo nyingi tunazozitunza ni nzuri. Uzuri si hoja. Nilichotaka ni kuvaa kila moja na kufanya ndani yake mambo ninayofanya siku nzima: kukaa, kuchuchumaa, kupanda ngazi, kuandika juu ubaoni.

Lile koti la kijivu la suti ndilo lililotuchekesha. Limekatwa vizuri, bitana ya hariri ya bandia, mabega yamesimama. Nikasimama wima mbele ya kioo, likanikaa kama siku niliyolinunua. Mdogo wangu akasema, "Haya dada, andika basi H2SO4 hapo juu ya mlango wa kabati." Nikanyoosha mkono. Kwenye H kwapa likabana. Kwenye S koti lote likapanda, kola ikanifikia sikioni, blauzi ikachomoka kiunoni. Kufika O nikawa siwezi kushusha mkono bila kwanza kufungua kifungo. Koti halina kosa, limetengenezwa kwa mtu anayeweka mikono mezani. Tukalikunja kwa heshima.

Hapo ndipo watu hukwama kwenye bei. "Lakini nililinunua ghali." Fedha ile imeshatoka, na haitarudi kwa wewe kulipisha koti kodi ya nafasi kabatini. Suti zote mbili zilikwenda kwa binti ya shangazi ambaye ndio anaanza kazi ya ofisini. Nilimuuliza kwanza kama anazitaka, akaja akazijaribu. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wanaita kugawa kile ambacho kwa kweli ni kuhamisha mzigo. Nguo iliyopauka, zipu mbovu, kwapa la njano, usimpe mtu ukisubiri shukrani.

Kwapa la njano, kwa njia, mara nyingi linatokana na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa ya kuzuia jasho zikichanganyika na jasho lenyewe. Ukimwagia dawa ya klorini ili ling'are, njano inakolea. Mashati yangu meupe yalikuwa yamefika hapo. Pamba iliyochoka ni kitambaa bora cha kufutia, hivyo yalikatwa vipande na sasa yanafuta meza za maabara. Poliesta iliyochoka hata kufuta haifuti, inasukuma maji tu.

Kuna pia zile jinzi zinazovutika. Uvutikaji wake unatokana na uzi wa elasteini, alioutengeneza mkemia Joseph Shivers wa DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, mwaka 1958, na uzi huo hauupendi kabisa mvuke wa moto wala klorini. Ukivaa jinzi iliyotoka kufuliwa na kufikia mchana magoti yametuna na makalio yamelegea, uzi ndani umekwisha. Fundi hawezi kuurudisha. Ziache ziende.

Fundi ana mipaka, na ni vizuri kuijua kabla ya kurundika nguo za "nitapeleka kwa fundi." Kufupisha, kubana kiuno, kubadilisha zipu, kupunguza upana wa mguu wa suruali, hayo ni kazi ya kawaida. Kuachia nguo, yaani kuipanua, inategemea kitambaa kilichobakizwa ndani ya mshono: geuza nguo, tazama, kama hakifiki hata sentimita moja, hakuna cha kuachia. Na hata kikiwepo, mstari wa mshono wa zamani unaweza kubaki umeandikwa pale nje, matundu ya sindano na rangi ambayo haikupauka. Mabega ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono wote lazima ubanduliwe na ushonwe upya. Koti lisilokukaa mabegani liache dukani. Mimi nilikuwa na furushi la fundi. Baada ya kugeuza kila nguo ndani nje, zilibaki chache, na hizo nilizipeleka wiki hiyohiyo, kwani furushi la fundi linalolala nyumbani ni kabati la pili.

Gauni la kijani alilonishonea mama nilipomaliza chuo haliingii katika hesabu hii. Halinitoshi na sitalitoa. Lakini halikai tena katikati ya nguo za kazi likinisema kila asubuhi. Limo kwenye sanduku, limefuliwa kwanza. Kufua kabla ya kuhifadhi kuna maana yake: viwavi vya nondo wa nguo hula protini ya sufu na hariri, na jasho na madoa ya chakula huwavuta zaidi. Sweta za kufumwa nazo zikunje, usizitundike kwenye henga. Uzito wake wenyewe unazivuta mabega yanatoka pembe.

Sasa kujenga upya. Wazo la kuwa na nguo chache zinazoingiliana lina historia yake. Susie Faux, mwenye duka London, alilipigia debe miaka ya 1970, na mwaka 1985 mbunifu wa mavazi Donna Karan akatoa New York mkusanyiko wake wa vipande saba kwa wanawake wa kazini. Nalipenda wazo, sipendi namba. Ukisoma kwamba unatakiwa uwe na nguo kadhaa tu, humo lazima liwemo koti jeusi na shati jeupe, jua aliyeandika hashiki chaki. Mwenye mtoto mchanga begani, mwenye bustani, anayesafiri kwa pikipiki, kila mmoja ana kamba yake.

Nilichofanya ni kubandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Kila asubuhi nikikosa kitu, naandika nilichokikosa, kwa maneno kamili: si "blauzi" bali "kitu cha kuvaa juu ya gauni kwenye mkutano wa wazazi, kisiwe cheusi, kiruhusu mkono kupanda." Kitu kilichoandikwa mara moja nakiacha. Kinachojirudia ndicho kinachotafutwa. Karatasi hiyo imeniepusha na manunuzi mengi, maana dukani nguo zinasema sana na mimi ni mwepesi wa kushawishika, hasa na rangi ya haradali, ambayo hainipendezi.

Jambo la pili ni vipimo. Namba ya saizi kwenye lebo haina mkataba na mwili wako, kila mtengenezaji ana yake. Nilichukua ile suruali ya kijivu, nikailaza mezani, nikapima kiuno, nyonga, kutoka mshono wa katikati hadi juu ya mkanda, na urefu wa mguu wa ndani. Sentimita hizo ninazo kwenye simu. Mtumba au mpya, napima nguo kabla ya kuuliza saizi, na sijioni mnene wala mwembamba kwa sababu ya lebo. Kisha nasoma lebo ya ndani: nyuzi ni zipi, na beseni lililochorwa lina namba gani, yaani mwisho wa joto la maji ya kufulia. Beseni lenye alama ya X, maana yake isiingie majini, kwangu ni hapana. Sina maisha ya nguo isiyofulika.

Kabati sasa lina nafasi ya mkono kupita. Kilichobaki kunisumbua ni mifuko. Suruali za kike zinauzwa zikiwa na mfuko usiomeza hata kipande kizima cha chaki, nyingine ni mshono tu wa kudanganyia. Fundi amesema anaweza kufungua mshono wa pembeni na kuingiza mfuko halisi, ila nimletee pamba iliyofumwa ikabana, si ile nyepesi ya bitana, kwa sababu funguo zitaitoboa. Nimempelekea mguu wa suruali ya zamani. Ameniambia nirudi Alhamisi.