Kabla ya ethanoli, tuzungumze kolamu

Ukitaka kujua maabara ya dawa inachafua kiasi gani, inama uangalie dumu la taka chini ya benchi. HPLC ni mashine inayotenganisha viambato vya dawa kwa kuvipitisha, pamoja na kiyeyusho, kwenye kolamu, yaani bomba jembamba lililojazwa chembe ndogo. Ikisukuma mililita 1 kwa dakika, kwa saa nane inajaza karibu nusu lita ya kiyeyusho hicho, maji yaliyochanganyika na asetonitrili. Asetonitrili ikiingia mwilini huzalisha sayanidi, kwa hiyo haimwagwi kwenye sinki. Inasubiri tanuri, na tanuri si bure.

Wanafunzi wa fildi wananiletea makala za kromatografia ya kijani, yaani utenganishaji huu usiochafua sana mazingira, na nyingi zina jibu moja: toa asetonitrili, weka ethanoli. Sawa, ethanoli inatoka kwenye molasi ya miwa na sumu yake ni ndogo zaidi. Kwa septrin inakubali vizuri. Kidonge kina sulfamethoksazoli miligramu 400 na trimethoprimu 80, na vyote viwili tunavisoma kwa mwanga wa urujuanimno, kwenye nanomita 254, ambako ethanoli haina neno. Ila ikikutana na maji mchanganyiko unakuwa mzito, presha inapanda, inabidi uipashe kolamu hadi nyuzi 40 au zaidi.

Sasa ijaribu kwenye mseto wa malaria uone. Lumefantrini, miligramu 120, inaonekana bila shida. Artemetha, miligramu 20 tu, karibu haifyonzi mwanga. Unaitafuta huko chini karibu na nanomita 210, na hapo hapo ethanoli yenyewe inaanza kufyonza. Mstari wa chini wa grafu unapanda, kilele kinachoonyesha artemetha kinamezwa. Makala nyingi hazilisemi hili, zinakimbilia kuonyesha duara la kijani lenye alama za kupima njia ni rafiki kwa mazingira kiasi gani.

Mimi ningeanza na kolamu. Ile tuliyoizoea ina urefu wa milimita 250, kipenyo 4.6, chembe za mikroni 5. Weka ya 150 kwa 2.1, chembe za mikroni 3. Urefu ukigawanywa kwa ukubwa wa chembe unabaki uleule, hivyo utenganishaji haupotei, ila kila sampuli unayoingiza inatumia kiyeyusho karibu sehemu moja kwa nane. Asetonitrili ileile! Na uzuri mwingine: kwa kanuni za farmakopea ya Marekani (kitabu cha viwango vya dawa), hayo ni marekebisho yanayoruhusiwa, unahakiki tu kwamba mfumo unafanya kazi. Ukibadili kiyeyusho, hiyo ni njia mpya, na lazima uithibitishe tangu mwanzo: usahihi, umahususi, yote.

Kwa hiyo nikiulizwa tununue nini kwanza, nitasema kolamu nyembamba, pamoja na mirija myembamba ya kuiunganisha. Mashine zetu kuukuu zina mirija minene, na vilele vinatawanyika humo kabla havijafika kwenye kitambuzi. Septrin inaweza kuvumilia, maana vilele vyake vimeachana mbali. Mchanganyiko wa dawa tatu za VVU sidhani.