Kuchambua masega makuukuu Sikonge

Viroba vilikuwa vinne, vyote vimejaa masega yaliyoachwa mizingani baada ya nyuki kuhama kiangazi. Kikundi kilitaka yayeyushwe yote pamoja, nta ipakwe kwenye viunzi, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega, kabla ya mvua, ili makundi yakirudi yakute mizinga inanukia. Afisa nyuki aliyefika Sikonge siku hiyo akakataza sufuria isibandikwe mpaka kila sega lipite mikononi. Tukatandika turubai juani, kila mtu na kisu chake.

Kipimo cha kwanza ni jua lenyewe. Sega changa ukilinyanyua, kivuli cha kidole kinaonekana upande wa pili. Sega la majana, yaani lililolelewa watoto wa nyuki, likitumika misimu mingi ni jeusi tii na mwanga haupenyi. Weusi ule si moshi. Kila buu anapogeuka nyuki huacha chumbani ganda la hariri na kinyesi chake, na nyuki hupaka gundi juu yake. Maganda yakipandana chumba hupungua, na nyuki wanaozaliwa humo nao hupungua umbo. Wafugaji wengi hawaliachi sega la majana lizidi miaka 3 hivi, na naona wana haki.

Viroba viwili vilikuwa vimeingiliwa na nondo wa nta: nyuzi nyeupe zimetandaa, vinyesi vidogo vyeusi vinamwagika ukitikisa. Kiwavi wa nondo hashibi kwa nta tupu, anatafuta yale maganda na chavua, ndiyo maana sega jeusi huliwa kwanza na lile jeupe la asali huguswa mara chache. Kiroba kilichofungwa kinampa giza, joto na hewa iliyotulia, yaani kila anachokihitaji. Masega ya kuhifadhi hutundikwa yakiachana, mahali penye mwanga na upepo. Mwenye friza ayagandishe siku 2 kwanza ili mayai yafe. Kiroba cha tatu kilinuka naftalini, kuna aliyetia vidonge vya kufukuzia wadudu wa nguo. Kikatengwa chote. Nta hufyonza dawa kama hizo, kuchemsha hakuziondoi zote, na baadaye zinaingia kwenye asali.

Kazi iliyotuchelewesha ilikuwa kutafuta ugonjwa. Unaliinamisha sega ili mwanga uangukie ukuta wa chini wa vyumba, kisha unaangalia kimoja kimoja. Majana yaliyokauka kama vipande vigumu vya chaki, vinavyodondoka ukitikisa, ni ukungu. Kinachotisha ni gamba jeusi lililoganda chini ya chumba na kukataa kung'oka hata kwa ncha ya kisu. Hiyo ni dalili ya kuoza kwa majana kunakoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Kwenye sega ambalo bado lina majana, dalili ni vifuniko vilivyobonyea na kutoboka. Ukichomeka kijiti cha kiberiti na kukivuta polepole, uozo hufuata kama mlenda.

Kijana mmoja akauliza kama moto wa sufuria hautaviua vijidudu. Hauviui. Mbegu za bakteria huyo hukaa hai miongo mingi, na maji ya sufuria hayazidi nyuzi 100. Viwandani nta husafishwa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 30. Masega mawili yalikuwa na magamba ya namna hiyo. Maabara haikuwa karibu, kwa hiyo hatukusubiri uthibitisho: yote yaliyotoka kwenye mzinga ule yakachomwa shimoni jioni, nyuki wakiwa wamelala, na udongo ukarudishiwa.

Mzee mmoja, mrina asali wa mizinga ya magome, hakupendezwa. "Mwanangu, nyuki hafuati mbao, anafuata harufu. Niachieni masega meusi niweke chambo." Afisa akamjibu, "Kweli, mzee wangu, lakini nondo naye anafuata hiyo hiyo." Wakaelewana: kipande cha ukubwa wa kiganja kwa kila mzinga, kutoka sega lililokaguliwa, kikavu, kisicho na chavua wala asali. Asali huwaita siafu, na siafu wakishaingia hakuna kundi litakalokaa.

Masega meusi yaliyobaki tuliyaloweka kwenye maji usiku kucha. Hatua hii wengi huiruka, kisha hulalamika nta ni kidogo: maganda makavu hunywa nta, yakishashiba maji hayainywi. Maji yawe ya mvua ukiyapata, maana yenye chumvi nyingi huifanya nta iwe na povu na ulaini wa sabuni. Sufuria iwe ya alumini au chuma kisichoshika kutu, kwani chuma cha kawaida huifanya nta kuwa ya kahawia. Jioni iliyofuata, nyuki wakiwa wametulia, tukayatia kwenye gunia safi la katani, tukalifunga, tukalizamisha kwa jiwe kwenye maji ya moto yasiyotokota. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64. Ikipita 85 rangi huharibika. Gunia likakandamizwa kwa mti mara kwa mara, nta ikapanda juu, machicha yakabaki ndani. Hata hivyo kilichopatikana hakikufika nusu ya uzito wa masega yale.

Sufuria ilifunikwa kwa blanketi ipoe taratibu, takataka zishuke. Asubuhi tukakwangua tabaka la kijivu chini ya bonge. Ukitaka kuliyeyusha tena, livunje kwanza. Bonge zima likielea juu ya maji linaziba mvuke, na mvuke ukilipasua hukurushia maji ya moto usoni. Nta ikishika moto, funika kwa mfuniko, usimwage maji.

Kupata karatasi za nta za kupachika kwenye viunzi tulitumia ubao laini uliolowekwa. Unauchovya kwenye nta ya nyuzi 70 hivi, mara mbili au tatu, unautia kwenye maji baridi, na karatasi ya nta inabanduka yenyewe. Tukakata vipande vya upana wa sentimita 2, tukavisimamisha kwenye mfereji wa kila kiunzi na kuvigandisha kwa nta ya moto iliyomiminwa kwa kijiko. Viunzi vyenyewe vilikuwa vya milimita 32, upana unaowafaa nyuki wetu. Kipande kisimame katikati na wima kabisa. Kikipinda, nyuki hufuata upinde huo, sega linashikana na la kiunzi cha jirani, na siku ya kurina utayakata yote mawili.