Kumbukumbu ya Mradi: Kamusi Ndogo ya Kibaski na Kiswahili, Mwezi wa Tano

Hadi jana usiku kamusi yangu ya Kibaski, lugha ya Wabaski wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, ilikuwa imefikia vidahizo 412, yaani maneno yanayofafanuliwa, pungufu ya nilivyokusudia, kwa sababu wiki mbili nzima zimemezwa na herufi moja tu, nayo ni h. Nilikuwa nikikusanya maneno kutoka maandishi ya zamani na ya sasa bila kuyatenganisha, na matokeo yake nikaliandika neno la «kuja» mara mbili, ethorri na etorri, na neno la «mzee» mara mbili vilevile, zahar na zar, nikidhani ni maneno tofauti. Kumbe upande wa Ufaransa wa milima ya Pirenei sauti ya h iliendelea kutamkwa na wengi, ilhali upande wa Hispania ilikwisha kupotea, na kila upande uliandika kama ulivyotamka.

Suluhisho nililipata katika historia ya lugha yenyewe. Mwaka 1968 Euskaltzaindia, akademia ya Kibaski iliyoundwa mwaka 1919, ilikutana Arantzazu, penye nyumba ya watawa katika milima ya Gipuzkoa upande wa Hispania, na kwa kuongozwa na mapendekezo ya mwanaisimu Koldo Mitxelena ikaweka misingi ya Kibaski sanifu, euskara batua, ambacho huiandika h katika zahar lakini huiacha katika etorri. Mabishano juu ya herufi hiyo yalikuwa makali. Sisi wenye Kiswahili tunayaelewa, maana Kiunguja kilipofanywa msingi wa lugha ya shule, wenye Kimvita na fasihi yao kongwe walinung'unika, tena kwa haki. Lakini usanifishaji wetu uliendeshwa na kamati ya serikali za kikoloni iliyoanza kazi mwaka 1930, ilhali Wabaski waliufanya wao wenyewe, bila dola ya kuwashika mkono, dikteta Franco wa Hispania akiwa bado madarakani, na Mitxelena mwenyewe akiwa amekwisha kuonja gereza la utawala huo. Kwa heshima ya kazi hiyo nimeamua kwamba kidahizo kitakuwa cha batua, na umbo la lahaja litafuata katika mabano.

Vitenzi vimenipa furaha kubwa zaidi. Mswahili akisema «nimempa», mtendaji na mtendewa wote wamo ndani ya neno moja, na Mbaski naye husema eman diot, ambamo t ya mwisho ni mimi na o ni yeye. Hata hivyo Kibaski huenda hatua moja mbele yetu: nikimpa mtu kitabu kimoja nitasema liburua eman diot, lakini vikiwa vingi nitasema liburuak eman dizkiot, kwa kuwa kitenzi kisaidizi hubeba pia wingi wa kile kilichotolewa. Nimeanza kuchora jedwali la maumbo haya, na wakati uliopo pekee umejaza kurasa tatu za daftari.

Kosa lililonichelewesha zaidi ni la kiambishi -ak. Gizonak etorri dira ni «wanaume wamekuja», ila gizonak ogia jan du ni «mwanamume amekula mkate», mtu mmoja tu, kwa sababu katika sentensi ya pili -ak ni alama ya mtenda wa kitenzi chenye yambwa, yaani kitu kinachotendwa, kama mkate hapa. Mifano kumi na minane niliyokwisha kuitafsiri kwa wingi imebidi niirekebishe mmoja mmoja.

Pembeni mwa gizon, «mwanamume», na neskato, «msichana», nimeandika maelezo mafupi ya historia, jambo ambalo kwa vidahizo vingine sikulifanya. Majina Cison na Nescato yamechongwa katika mawe ya enzi ya Warumi huko Akwitania, kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, karne nyingi kabla ya Bernard Etxepare kuchapisha kitabu cha kwanza cha Kibaski mwaka 1545, na bado mzungumzaji wa leo huyatambua maneno hayo bila kufundishwa.

Kidahizo cha mwisho wiki hii kilikuwa euskaldun. Nilikuwa nimekifasiri «Mbaski», nikakifuta, kwa sababu neno hilo limeundwa kwa euskara, yaani lugha ya Kibaski, na -dun, yaani mwenye kuwa na kitu, nalo halitaji damu wala mahali pa kuzaliwa. Sasa kinasomeka: «mwenye Kibaski».