Nilivyompokonya mzee daraja lake

Dar es Salaam haina mlima. Ukinitajia Pugu nitakwambia hapo umeshaanza safari ya Kisarawe. Kwa hiyo siku nilipogundua kwamba Strava, programu ya simu ya kurekodi safari za baiskeli, inatoa taji la "malkia wa mlima" kwa mwanamke aliyevuka Daraja la Tanzanite haraka kuliko wote, nilicheka peke yangu kaunta ya duka la dawa, mpaka mteja aliyekuja na cheti cha daktari akaniuliza kama niko sawa. Mlima wenyewe ni zege la kilomita moja na ushee lililopita juu ya bahari, kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan hadi ufukwe wa Coco. Lilifunguliwa 2022 kupunguza foleni ya daraja la zamani la Selander, na aliye ndani ya gari hajui hata kama kapanda. Ila ukiwa juu ya baiskeli ya mtumba yenye gia saba, mapaja yanakujulisha.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nalitafuta hilo taji kama mtu anayefuatilia deni lake.

Kwa asiyejua: unawasha programu, unatia simu mfukoni, unaendesha. Ukirudi inakuchorea ulikopita. Na mtumiaji anaweza kukata kipande cha barabara akakipa jina, na tangu hapo kila apitaye anapangwa kwa muda wake, wa leo na wa miaka mitatu iliyopita, wote foleni moja. Jina la programu limetoka kwenye neno la Kiswidi lenye maana ya kujitahidi. Wangeuliza Waswahili wangeambiwa ni kutotaka kupitwa na jirani.

Siri ya daraja letu ni upepo. Ukitoka mjini kwenda Coco unaelekea kaskazini, kwa hiyo kusi ikivuma inakusukuma mgongoni. Tazama tarehe za walioko juu kwenye orodha: Julai, Agosti, Julai, Juni. Manahodha walingoja kusi wapandishe majahazi kwenda Uarabuni, sisi tunaingoja itusukume tukale mihogo Coco. Kuna jamaa wa bima kwenye kundi letu la baiskeli, ana baiskeli ya bei ya bajaji mpya, anaamka saa kumi usiku kutazama utabiri wa upepo kabla hajaamua kama atavaa viatu.

Taji nililipata mwaka jana Julai, Jumapili. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Lakini nikisimulia hiyo siku huwa naruka sehemu moja, na leo sitairuka. Katikati ya daraja kulikuwa na mpiga picha na wateja wake wawili waliofuata jua linapochomoza. Akarudi nyuma hatua mbili ili waenee kwenye picha, akashuka barabarani kinyumenyume, macho kwenye kamera. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya usukani, upepo mgongoni, nahesabu sekunde. Sikushika breki. Nilipiga kelele "pisha!" nikapinda, mkanda wa kamera yake ukanigusa bega. Nilisikia akiita Mungu. Sikugeuka nyuma.

Ile usiku ndiyo nikasoma habari za Marekani, kule Berkeley, California: mwaka 2010 mwendesha baiskeli alikufa kwenye mteremko akijaribu kurudisha rekodi aliyonyang'anywa. Familia ikaishtaki kampuni, kesi ikatupwa 2013. Nikazima simu nikalala vibaya. Taji langu lilidumu siku kumi na moja, akalichukua binti mmoja wa Mbezi, na programu haikuchelewa kuniletea ujumbe wa kunijulisha. Sikulifuata tena. Hapo nikajiona nimekomaa, kumbe.

Kabla sijafika kwa mzee niseme kidogo kuhusu adabu zetu, maana hakuna aliyeziandika popote na kila mtu anakasirika zikivunjwa. Ya kwanza ni dole. Mwenzako akimaliza safari unampa dole gumba, hata kama amezunguka Mnazi Mmoja mara moja akarudi kulala. Ni kama salamu. Kijana asipompa dole mtu mzima, inahesabiwa kama amempita barazani bila shikamoo, na nimeshasikia mtu akilalamika hivyohivyo: "Yule mtoto safari zangu anaziona, dole hatoi." Ya pili ni kujificha nyuma ya mtu. Upepo wa mbele ukipiga tunapokezana, huyu anakata upepo, wengine wanapumua mgongoni kwake. Sasa kuna anayejificha kilomita kumi nzima halafu zikibaki mita mia mbili za kipande anachomoka kama mwizi. Programu haijui alikojificha. Sisi tunajua.

Na kuna ya bendera. Ukiona rekodi ya uongo unaweza kuitilia alama ili ikaguliwe. Mwenzetu mmoja alipata pancha pale Barack Obama Drive, akakodi bajaji hadi nyumbani Msasani, baiskeli imetokeza nyuma magurudumu juu, simu mfukoni bado inarekodi. Akavuka daraja kwa kilomita hamsini na mbili kwa saa. Mfalme! Ustaarabu ni umpigie pembeni: "Kaka, ulisahau kuzima." Anakata kile kipande, yanaisha. Badala yake kuna aliyeweka bendera kimyakimya, halafu akapachika picha kwenye grupu la WhatsApp na vikatuni vya kucheka. Wiki tatu hao wawili hawakupanda pamoja. Mwenye bajaji alikuwa na kosa la kusahau tu. Huyo mwingine mpaka leo simpi dole.

Haya, mzee.

Mwaka 2020 programu iliongeza cheo cha aina nyingine, wenyewe tunakiita gwiji wa mtaa. Hakina habari na mbio. Anapewa aliyepita kipande mara nyingi kuliko wote ndani ya siku tisini, hata kama anakokota. Safari ikifikisha siku ya tisini na moja inafutika kwenye hesabu, kwa hiyo huwezi kujenga ukalala. Kipande cha daraja kwenda Coco kilikuwa na gwiji mmoja tangu nilipokijua: mzee wa Upanga, miaka sabini na nne, kanzu ameikunja kiunoni juu ya suruali ya michezo, baiskeli ya Kichina yenye kengele na karia. Akitoka msikitini alfajiri anavuka daraja taratibu, anakunywa kahawa chungu Coco kwa kashata mbili, anarudi Upanga kwa kupita Selander ya zamani. Mara moja kwa siku, kila siku. Programu aliwekewa na mjukuu ili nyumbani wajue yuko wapi. Tulimwita Mwenye Daraja, na ukimkuta unapunguza mwendo, unamwamkia, ndipo unapita.

Mwezi wa sita nilichukua likizo yangu ya siku ishirini na nane. Sikuwa na safari. Nikitoka Sinza saa kumi na moja na nusu nafika darajani kunapambazuka, na kwa kuwa sikuwa nawahi kufungua duka nikawa navuka, nazunguka kwa Selander, navuka tena. Mara tatu kila asubuhi. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nafanya mazoezi tu. Siku ya tano nilifungua ile orodha nikapiga hesabu kwenye karatasi ya risiti: nikienda hivi, namfikia tarehe fulani. Karatasi nikaikunja nikaitia kwenye kava la simu. Mtu anayefanya mazoezi tu hafichi karatasi.

Siku ya kumi na tisa: mimi 87, yeye 84. Shada la majani, ile alama ya gwiji, likahamia kwenye picha yangu.

Kwenye grupu palinyamaza. Halafu mtu akaandika, "Hongera dada." Neno mbili na nukta. Waswahili tunajua kuandika hongera yenye nukta.

Nikajipa moyo kwamba mzee hajali, ni mtu wa kahawa na tasbihi. Jumanne nikaona safari yake: amevuka mara tatu. Jumatano nne. Alhamisi tukakutana pale juu kabisa, yeye amesimama, mguu mmoja chini, mdomo wazi, jasho limeingia kwenye ndevu. Nikamwamkia. Akaitikia kwa kuinua kidole, hana pumzi ya marahaba. Nikamwona mjukuu kichwani mwangu akinipigia simu. Usiku ule nikakaa kitandani, nikazifungua safari zangu za likizo moja moja, nikazificha zionekane kwangu peke yangu. Ukizificha hazihesabiwi. Kufika saa nne na nusu shada limerudi kwake, nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Jumamosi nikamkuta kwa muuza kahawa. Alikuwa amekwisha kununua cha pili na akakisukuma upande wangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Zako zimekwenda wapi?"

"Zipi babu?"

"Themanini na saba."

Maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa mbili zimelala ubavu kwenye mchanga. Nikazitazama sana.

"Nimezificha."

"Umezificha." Akamgeukia muuza kahawa. "Umesikia? Ameniona maskini wa Mungu, akanipa sadaka." Akanigeukia mimi. "Binti, mie nimecheza mpira Ilala mpaka nina miaka arobaini na miwili. Sijawahi kupewa goli."

Nikaanza kumweleza habari ya umri, ya afya, nikamtajia presha kwa sababu ndiyo kazi yangu. Akanikatiza. Presha yake anaijua, anameza kidonge kimoja asubuhi, na mara nne kwa siku ni ujinga, hilo anakubali, mkewe amekwisha kumwambia kwa sauti inayosikika ghorofa ya tatu. Ila nani alianza mara tatu? Hapo sikuwa na jibu. Kumbe karatasi ya hesabu hata yeye anayo, yake iko kwenye mfuko wa kanzu, imeandikwa kwa penseli, tarehe upande mmoja, mimi na yeye upande wa pili.

Tukapatana muuza kahawa akiwa shahidi. Safari zangu nizifungue zote, hata zile za hila, zizeeke zenyewe zifutike. Kuanzia kesho kila mtu anavuka mara moja kwa siku, basi. Yeye alitaka mara mbili, nikamkatalia. Mvua si udhuru. Ugonjwa ni udhuru ila siku hairudishwi. Kahawa analipa aliye nyuma.

Wenzangu kwenye kundi hawakulipenda hilo kwa muda, walitaka mzee aheshimiwe, yaani aachiwe. Jamaa wa bima alinipigia pembeni, kistaarabu kabisa, kuniuliza kama sioni aibu. Nikamwambia amuulize mzee. Hakumuuliza.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Zile safari za likizo zimeshafutika zote, kaskazi imeanza kuvuma na tunavuka tukipigwa usoni, yeye kengele mkononi, mimi nikikata upepo mbele kila nikimkuta, jambo ambalo hakulikataza kwenye mapatano. Leo asubuhi yeye 88, mimi 86. Kahawa nimelipa mimi.

Ijumaa anakwenda Tanga, mjukuu anaoa, siku nne. Alipokuwa ananiaga alinitazama usoni kwa muda, hasemi kitu. Nikamwambia safari njema babu, nisalimie bibi harusi.