Nilivyoziba uvujaji wa mazutu katika trekta letu kuukuu

Trekta letu ni Massey Ferguson 135, la aina iliyoundwa kati ya 1964 na 1975, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Marehemu baba alilinunua likiwa tayari limechoka, na hadi leo, mvua za Novemba zinapokaribia, ndilo linalotulimia shamba la mahindi upande wa barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi. Msimu uliopita lilianza kuvuja mazutu, kama tunavyoiita dizeli huku kwetu, hata ikawa kila asubuhi ninakuta kopo nililolitega chini yake limefika nusu.

Tone lilitokea pale bomba linapoingia kwenye filta. Nilichukua spana nikaikaza boliti, tone likapungua kwa siku moja, kisha likazidi. Nami, badala ya kujiuliza sababu, nikakaza tena. Boliti hiyo ina tundu katikati ambamo mazutu hupita, na hubanwa pamoja na rondela mbili za shaba, yaani vipete bapa vya kuzibia, moja kila upande wa kichwa cha bomba. Rondela iliyobanwa miaka mingi huwa ngumu na haijazi tena vijishimo vya chuma kilichoigusa, kwa hiyo nguvu zangu zote zilikuwa zinakwenda kuharibu meno ya boliti tu. Kichekesho ni kwamba eneo letu la Katanga liliitwa mkoa wa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na mimi nilizunguka mjini asubuhi nzima nikitafuta rondela ya shaba ya kipimo kile bila kuipata.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa Kenya, nikimaanisha mtaa wetu wenye soko kubwa, si ile nchi. Alinisikiliza, akasema, «Mwanangu, leta hizo za zamani.» Alizishika kwa koleo juu ya moto hadi zikawa nyekundu, akazitumbukiza katika maji, na shaba ile ikarudi kuwa laini. Kisha akazisugua taratibu juu ya msasa mwembamba uliolazwa kwenye kioo, mpaka mikwaruzo ikaisha pande zote mbili. Nilizirudisha kwenye filta, nikapangusa kila kitu, nikapaka unga wa chaki kuzunguka kiungo na kuwasha injini. Chaki ilibaki kavu.

Nilidhani kazi imekwisha. Kesho yake, baada ya dakika ishirini za kulima, trekta lilikohoa karibu na kichuguu kikubwa kilicho katikati ya shamba, likapoteza nguvu na kuzima. Nilipolegeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, mazutu yalitoka na povu. Maana yake hewa ilikuwa inaingia mahali fulani, ingawa chini hapakuwa na tone hata moja. Nilitoa upepo kwa utaratibu wake: kwanza kwenye filta, kisha kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma mazutu kwa nguvu hadi kwenye nozeli zinazoyanyunyizia ndani ya silinda, huku nikisukuma kimkono cha pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, inayovuta mazutu kutoka tangini na kuyapeleka kwenye filta, na mwisho nikalegeza nati za mabomba kwenye nozeli zenyewe huku mwanangu akizungusha starta. (Kimkono hicho kisipokuwa na nguvu, usidhani pampu imekufa, zungusha injini kidogo, kwa maana huenda imesimama pale inapokibana.) Injini iliwaka, ikalima, ikazima tena. Siku hiyo nilirudia mara tatu.

Nilirudi kwa yule mzee, naye akanipa kipande cha mpira unaoonyesha ndani, akaniagiza nikiunge kwa muda kati ya pampu ndogo na filta. Injini ilipowaka niliona viputo vikipita mfululizo. Basi hewa iliingia kabla ya pampu, jambo ambalo nilikuwa nimelikataa kabisa, kwa sababu tangi liko juu ya injini na nilijua kwamba ufa wowote upande huo ungevujisha nje. Lakini chujio la pale mazutu yanapotokea tangini lilikuwa limezibwa na kutu na matope, mazutu yakawa yanashuka kidogo kidogo, na pampu, kwa kukosa cha kuvuta, ilivuta hewa kupitia ufa mwembamba kama unywele, pale bomba liliposuguana na chuma kwa miaka mingi. Mtu fulani hapo zamani alikuwa ameuviringishia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Mazutu huulainisha mpira wa namna hiyo hadi uwe kama ugali, na unyevu uliotoka kidogo trekta liliposimama ulinyonywa na vumbi lililoganda juu yake. Ndiyo sababu sikuona kitu.

Nilimwaga tangi katika bidoni, nikaosha chujio, nikakata sehemu yenye ufa, nikalainisha ncha kwa tupa na kuunganisha kwa mpira maalumu wa mafuta wa milimita nane, wenye kibano kila upande. Wa kumwagilia bustani niliukataa ingawa ulikuwa wa bei nafuu. Pale bomba liliposuguana nililifunga mbali na chuma.

Jambo moja mzee alilisisitiza kwa ukali: mabomba membamba yatokayo pampu ya nozeli hayapapaswi kwa kidole injini ikiwa inawaka, kwa sababu shinikizo lake hupenyeza mazutu ndani ya nyama, hapo uvujaji hutafutwa kwa kipande cha karatasi ngumu.

Trekta lilimaliza hekta zilizobaki bila kuzima. Bomba la kurudishia mazutu kwenye tangi bado linalowa kidogo kwenye kiungo cha nyuma, na kipimo cha rondela yake nimekiweka mfukoni, nikisubiri siku ya kwenda mjini.